Lenzi moja, filamu mbili: kwa anayepiga picha za rangi Mombasa bila stendi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Babu yangu marehemu aliniachia kamera ya Pentax K1000 na lenzi ya 50mm f/2. Napiga picha za rangi Mji wa Kale, na jioni ufukweni Mama Ngina. Siku hizi naitwa pia kwenye kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, kwa sababu simu huzuiliwa mlangoni na mabibi harusi wamependa picha za filamu. Stendi sibebi: vichochoroni inazuia njia, na ukumbini hakuna pa kuisimamisha. Picha zangu za ndani hutoka zimetikisika au zimekuwa nyeusi. Nina akiba ya lenzi moja tu. Ninunue 50mm f/1.4, 28mm f/2.8, au zumu ya 35-70mm f/4? Na nitie filamu gani?" Msomaji, Majengo.

Marahaba mwanangu, na Mola amrehemu babu yako. Nunua 28mm, baki na 50mm f/2 uliyo nayo, na pesa zitakazosalia zinunulie filamu ya 800 (hiyo ni ISO, namba ya wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Nikikuacha hapo utasema nimekutapeli, kwa sababu hiyo 28mm haitakuokoa na giza la ukumbini. Una matatizo mawili na umeyatia kapu moja. Giza la ukumbini ni kazi ya filamu, wembamba wa vichochoro ni kazi ya lenzi.

Tuanze na giza, maana ndilo lililokufanya uitamani f/1.4.

Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikipungua, tundu limepanuka. Lenzi ya f/1.4 hupitisha mwanga mara mbili ya ule wa f/2. Hiyo mara mbili wapiga picha huiita stopu moja. Filamu ya 800 nayo huridhika na nusu ya mwanga unaotakiwa na filamu ya 400, kwa hiyo hapo pia umepata stopu moja. Na mkono unaoweza kutulia kwenye 1/30 ya sekunde badala ya 1/60 umekupa stopu moja, tena bure. Kwa hesabu ya mwanga peke yake zote tatu ni sawa. Zinapotofautiana ni kwenye kile unacholipa, na sizungumzii shilingi pekee.

Stopu ya lenzi unailipa kwa kina cha fokasi. Tuseme bibi harusi amekaa jukwaani nawe uko mita 2 mbele yake. Ukiwa na 50mm iliyofunguliwa hadi f/1.4, eneo linalotoka kali, ukijumlisha mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ni kama sentimita 13. Kwa f/2 ni kama sentimita 19. Sogea hadi mita moja na nusu ili upate uso pamoja na mikono yenye hina, na f/1.4 inakuachia sentimita 7 au 8 tu. Jicho likiwa kali, hina haisomeki. Ukilenga hina, uso umelainika. Na mwenyewe hakai kama sanamu: anageuka kuzungumza na shangazi yake, anainama kuwekewa zawadi, nawe unazungusha pete ya fokasi ukimfuata katika mwanga ambao hata wewe mwenyewe huoni vizuri.

Ndiyo maana, kabla hujanunua chochote, zitoe zile negatifu zako za ukumbini uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Picha iliyotikisika ina alama moja: kila nukta ya taa imevutika kuelekea upande ule ule, na hakuna kitu kikali popote. Picha iliyokosa fokasi ina kitu fulani kilichotoka kali mahali usipokusudia, kwa mfano kikuba cha asumini kichwani au mkono wa kiti. Na picha ambayo mkono wako ulitulia lakini mtu alisogea, utaona viti na mapambo vimekaa sawa ila mikono ya wachezaji imekuwa moshi. Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake. Likiwa la pili, f/1.4 italizidisha.

Nisiionee hiyo lenzi, lakini. Ina mambo mawili mazuri ya kweli. Kwanza, kioo cha kulengea kinang'aa zaidi, na kwa kamera ya fokasi ya mkono hilo si dogo. Pili, ukiibana hadi f/2 huwa safi kidogo kuliko lenzi ya f/2 iliyofunguliwa kabisa, kwa sababu lenzi nyingi za zamani hulegea zikiwa wazi mwisho na kukaza zikibanwa stopu moja au mbili. Zikifika f/5.6 zote, kwenye filamu ya 400 iliyopigwa kwa mkono, sina hakika ungeweza kuzitenganisha hata ukiwekewa zawadi. Mtu akiwa na pesa ya lenzi mbili nisingemkataza. Wewe una ya moja.

Zumu ya f/4 nitaipitia haraka. Iko stopu mbili nyuma ya f/2 yako. Pale ambapo 50mm inakubali 1/60, zumu itadai 1/15, na kwa 1/15 mikono ya binadamu wa kawaida haitoi kitu. Juani haina neno. Iache dukani.

Sasa filamu ya ukumbini. Tia Kodak Portra 800. Ni ghali kuliko ya 400 na chembe zake zinaonekana zaidi, lakini kwa picha zitakazochapwa ukubwa wa albamu chembe hizo hazisumbui mtu; hata wewe utaziona tu ukiwa na kioo machoni. Anza na f/2 kwa 1/60 katika sehemu ya ukumbi yenye taa za kawaida. Jukwaani, ambako kuna taa za video, kipima mwanga chako huenda kikakuruhusu 1/125 kwa f/2, au hata f/2.8. Ukipata nafasi hiyo, ongeza spidi ya shata kwanza, ndipo ufikirie kubana tundu. Kwa 50mm, kanuni ya zamani inasema usishuke chini ya spidi inayolingana na urefu wa lenzi (zile mm), yaani karibu 1/60, na kwa 28mm karibu 1/30. Kanuni hiyo inahusu mkono wako tu. Haimzuii anayecheza chakacha asicheze. Kwa wachezaji subiri kituo, kwa sababu kila ngoma ina nukta ambapo mwili hugeuka na kwa kitambo kidogo hauendi mbele wala haurudi nyuma. Piga hapo.

Ukikosa Portra 800, tumia Portra 400, uweke pete ya ISO kwenye 800, umwambie anayesafisha aipushi stopu moja, yaani aiache kwenye kemikali ya kwanza muda zaidi. Roli nzima lazima ipigwe hivyo hivyo, kwa hiyo usiianze vichochoroni ukaimalizie ukumbini. Kuna pia CineStill 800T, ambayo asili yake ni filamu ya sinema ya Kodak, Vision3 500T, iliyoondolewa utando mweusi wa nyuma ili isafishwe kwa C-41, zile kemikali za kawaida za negatifu za rangi. Imetengenezwa kwa mwanga wa taa za manjano za kizamani, na kwa kuwa utando ule haupo, taa kali huzungukwa na wekundu. Barabarani usiku wekundu huo unapendeza. Kwenye kupamba, jukwaa zima lenye taa ndogondogo litavuja wekundu juu ya vazi ambalo mama mtu amelitafuta miezi. Mimi nisingejaribu kwenye kazi ya kulipwa.

Kuhusu taa za rangi zenyewe, zile zambarau na bluu za LED, nikwambie wazi kwamba hakuna filamu itakayokuokoa. Taa ya zambarau haimpi bibi harusi mwanga wa rangi nyingine, na rangi ambayo haikuingia kwenye filamu haitolewi na skana yoyote. Zungumza na fundi wa taa mapema, aziwashe nyeupe kwa dakika chache bibi harusi anapoingia na anapokaa. Flashi hukuuliza; K1000 inaikubali kwa 1/60 au chini yake, na ikielekezwa kwenye dari nyeupe hufanya kazi nzuri. Lakini kumbi nyingi hufunikwa vitambaa vya rangi juu, na mwanga utarudi na rangi ya kitambaa.

Jambo jingine la kupamba hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko lenzi. Simu huzuiwa mlangoni kwa sababu wanawake wamevua buibui na wamejipamba kwa ajili ya wenzao. Ukimkabidhi roli hiyo mtu usiyemjua akaisafishe na kuiskani, umezitoa picha nje ya ukumbi kwa mlango wa nyuma. Jifunze kusafisha mwenyewe. C-41 inaogopwa bure. Unahitaji tangi, mfuko mweusi wa kuingizia filamu, kemikali, kipimajoto cha kuaminika na beseni kubwa la maji ya moto kiasi. Kemikali ya kwanza ndiyo yenye masharti: nyuzijoto 37.8, dakika 3 na sekunde 15, na ukipushi stopu moja, dakika 3 na sekunde 45. Hatua zinazofuata husamehe zaidi. Kisha negatifu mkabidhi bibi harusi mkononi, na uwe umekubaliana naye kabla ya shughuli kama utabaki na nakala au la.

Sasa tutoke nje, huku ndiko 28mm inakolipa.

Simama Ndia Kuu, Mji wa Kale, mbele ya mlango wa nakshi, mita 3 kutoka mlangoni, kwa sababu mgongo wako umeshagusa nyumba ya pili. Shika kamera wima. 50mm itaona kimo cha mita 2 na kidogo: mbao za mlango unazo, mfaa unao, na kizingiti cha juu, ambacho ndicho fundi alichokichonga zaidi, kimekatwa. Kwa 28mm, hapo hapo ulipo, unaona karibu mita 4. Hakuna filamu duniani itakayokurudisha nyuma ya ukuta. Hicho ndicho kigezo changu cha kununua lenzi: je, itaona kitu ambacho niliyo nayo haikioni? f/1.4 inaona kile kile kinachoonwa na f/2 yako.

Halafu angalia kina cha fokasi. Kwa 28mm, bana hadi f/8, weka fokasi mita 3, usiiguse tena. Kila kitu kuanzia kama mita moja na nusu hadi mita thelathini na kitu mbele kitatoka kikali, na kichochoro kirefu hivyo Mji wa Kale ni cha kutafuta. Hapo kamera yako ya mwaka wa sabini na kitu inashinda simu kwa wepesi, maana hakuna cha kusubiri: mtoto na mpira wake anatokea konani, unainua, unapiga, unashusha. Hata kwa f/2.8 jioni, mtu akiwa mita 2, una karibu sentimita 90 za kuchezea. Linganisha na zile 13 za f/1.4. Tahadhari mbili tu. Usimpige mtu uso kwa karibu kwa 28mm, pua itamtangulia. Na usiinamishe kamera juu au chini bila sababu, kwa sababu nyumba zitaangukiana. Ikibidi kuona juu, kaa mbali kidogo au ukubali kubakiwa na barabara nyingi chini ya picha uikate baadaye.

Kama utauliza mbona giza halitibiki kwa 28mm ilhali inakubali 1/30, fanya hesabu: f/2.8 imekupotezea stopu moja ukilinganisha na f/2, na 1/30 imekurudishia ile ile. Zimefungana. Ndiyo maana nimesema ukumbini usiitegemee, isipokuwa kwa picha ya kundi la mashangazi waliokaa na kutulia.

Filamu ya mchana inahitaji uamuzi zaidi, na hapa watu wengi huku hukosea kwa kudhani kwamba jua letu kali lataka filamu ya spidi ndogo. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Mchana jua liko utosini. Kichochoro kina mkanda mmoja wa jua juu ya ukuta mweupe na kivuli kizito kila mahali pengine, na tofauti kati ya ukuta ule na uso wa mzee aliyekaa barazani kivulini yaweza kufika stopu 5. Kinachokusumbua mchana ni pengo hilo, mwanga wenyewe umejaa. Filamu ya slaidi, iwe Ektachrome E100 au Velvia 50, haivuki pengo hilo. Husamehe kosa la nusu stopu na si zaidi, na ukuta utakuwa karatasi tupu. Slaidi ya kupiga kwa mkono kichochoroni mchana ni kutupa pesa. Negatifu ya rangi hubeba mwanga uliozidi stopu 2 au 3 bila kulalamika, ila uliopungua hata stopu moja huanza kuharibu vivuli. Kwa hiyo pima kivulini, acha ukuta ujitetee wenyewe.

Kati ya negatifu, Portra 400 ndiyo ningekuwekea. Rangi zake zimetulia, ngozi inatoka ya kweli, na inabana tofauti kali ya mwanga bila kelele. Kodak Gold 200 ni ya bei nafuu zaidi, ina uvuguvugu wa manjano unaopendana sana na kuta za matumbawe na mbao za zamani saa kumi na moja jioni. Kwa matembezi yako ya kujifurahisha itumie hiyo bila kusita, ukijua tu kwamba jua likizama imekuacha. UltraMax 400 ina mshindo mkali wa rangi. Leso za Biashara Street zitafurahi, lakini kivuli na jua vitazidi kugombana. Ektar 100 ina chembe ndogo mno na rangi nzito. Kwa bahari na majahazi ni nzuri, kwa sura za watu siipendi, na ikipungukiwa mwanga vivuli vyake huingia bluu isiyotoka.

Portra 400 iweke pete ya ISO kwenye 200 ukiwa nje. Sijakosea. Unaipa stopu moja ya ziada, vivuli vinajaa, na isafishwe kawaida bila maelekezo yoyote. Mwanga unatosha: juani ISO 200 inakupa kama 1/250 kwa f/16, na kivulini saa za alasiri bado utapata 1/125 kwa f/8. Spidi ya juu kabisa ya K1000 ni 1/1000, kwa hiyo usiwaze kupiga f/2 mchana na filamu ya 400. Haitawezekana, wala f/1.4 isingekusaidia hapo.

Kipima mwanga chenyewe nacho kinahitaji kuongozwa. Sindano ya K1000 hudhani kila kitu mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Mpige mzee wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, itakwambia mwanga umezidi, utabana, na uso wake utatoka mweusi. Mpige mama wa buibui kivulini, itakwambia fungua, na kwa negatifu hilo halina madhara makubwa. Nyingi za picha zako "nyeusi" nadhani zimetokana na taa za jukwaani kuingia ndani ya fremu na kuidanganya sindano. Geuza kamera, pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule unaomwangukia mtu, ongeza stopu moja kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko uso, kisha rudi ulenge bila kujali sindano inasema nini. Badilisha na betri pia, ni kidonge kimoja kidogo cha bei rahisi. Kamera hii haina swichi ya kuzima kipima mwanga. Ukimaliza, funika lenzi, la sivyo betri inakwisha mkobani.

Hapo kwenye ngozi kuna historia yake. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipanga rangi zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, na sura nyeusi zilitoka bila umbo wala mng'ao kwa sababu hakuna aliyezipima. Kadi yenye wanawake wa rangi tofauti ilikuja miaka ya 1990. Filamu za leo zimeboreka sana, lakini programu za kuskani bado hupenda kung'arisha uso mweusi mpaka uwe wa majivu. Ukiskani mwenyewe zima marekebisho ya moja kwa moja. Ukipeleka kwa mtu, mwambie asiguse weusi wa watu wako. Akibisha, tafuta mwingine.

Mama Ngina jioni. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na huku kwetu halikawii: ndani ya nusu saa umeingia usiku. Kwa hiyo usipange kupiga roli nzima katika mwanga ule mzuri, utapata fremu chache. Kwa filamu ya 400 kwenye ISO 400, jua likishazama mwanga hushuka upesi, na sindano ikikudai 1/60 kwa f/2 ndio mwisho wa mkono. Hapo 28mm itoe, rudisha 50mm, na uwapige wauza mihogo kwa taa zao wenyewe.

Kuhusu mkono wenyewe. Viwiko vibane mbavuni, mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi ukiibeba, toa pumzi nusu, kisha bonyeza polepole bila kudonoa. Mji wa Kale umejaa baraza za mawe: kaa, weka viwiko magotini, na 1/30 kwa 50mm inawezekana. Piga fremu tatu mfululizo panapokuwa na giza, mara nyingi ya pili ndiyo iliyotulia. Ukivuka Likoni ni kinyume, usiegemee chuma cha feri hata kidogo, kwa sababu mtetemo wa injini utapanda hadi kwenye kamera. Simama kwa miguu yako, magoti yamelegea, na usishuke chini ya 1/250. Na hapo feri na upande wa bandarini uliza kwanza kabla ya kuinua kamera.

Joto na chumvi. Filamu weka kwenye friji ndani ya kopo lake lililofungwa, na uitoe angalau saa moja kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu utaganda juu yake. Usiiache kwenye gari. Ukishaipiga usiikalie miezi, isafishe. Ikiwa kuna jamaa anakuletea kutoka Dubai, mwambie abebe mkononi, asiitie kwenye sanduku la kupakiwa, na aombe ikaguliwe kwa mkono, hasa ile ya 800. Mashine mpya za kukagulia mizigo viwanja vya ndege huichoma filamu ikaingia ukungu. Pepo za bahari huleta chumvi hadi ndani ya nyumba, kwa hiyo kichujio cha UV mbele ya lenzi si urembo, na kifute kila urudipo. Mkoba wa ngozi alioutumia babu yako ni mzuri kwa kutazama, lakini usiihifadhi lenzi humo: ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia hapo. Kopo la plastiki lenye vifuko vya kukausha unyevu linatosha.

Hilo la kuvu ndilo la kuangalia unapokwenda kununua 28mm, kwa kuwa lenzi iliyokaa Pwani miaka mingi bila kuguswa mara nyingi inayo. Fungua tundu hadi mwisho, washa tochi ya simu upande wa nyuma, tazama kutoka mbele kwa pembe. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni, hapana. Zungusha pete ya tundu uone kama majani yake yanafunga upesi na kama yana mafuta. Hakikisha mdomo wake, pale inaposhika kamera, ni wa aina ya K ya Pentax, na kwamba pete ya tundu ipo kabisa, kwa sababu lenzi nyingi za Pentax za kamera za digitali zitaingia kwenye K1000 yako vizuri tu lakini hazina pete hiyo, na hutaweza kuchagua f yoyote. SMC Pentax-M 28mm f/2.8 ndiyo ningeitafuta kwanza. Muuzaji akikuambia kuvu itafutika, mwambie aifute kwanza, ndipo umlipe.